Azae kwanza au afungwe kizazi? Jibu kwa msomaji wa Kiborloni

Mama Neema wa Kiborloni, Moshi, ameniandikia kuhusu mbwa wake jike wa mbegu ya German Shepherd aitwaye Zuri, mwenye umri wa miezi 20. Anaeleza kwamba Zuri amekwisha kuwa kwenye joto mara mbili, na kwamba joto la pili liliisha mwanzoni mwa mwezi Mei, wakati alipofungiwa stoo wiki 3 ili madume ya mtaani yasimfikie. Jirani mmoja wa Majengo ana dume wa mbegu hiyo hiyo, aliyenunuliwa kwa mfugaji yule yule wa Ngaramtoni, tena baba yao ni mmoja; naye amependekeza wawapandishe, yeye achukue watoto wawili, waliobaki wauzwe shilingi 250,000 kila mmoja. Mama mkwe anasema jike asipozaa hata mara moja hupata ugonjwa wa tumbo. Mume anasema mbwa aliyefungwa kizazi halindi tena nyumba. Mwezi Juni Zuri alianza kubeba kandambili ya mtoto mdomoni, akachimba shimo nyuma ya banda, chuchu zikatoa maziwa, na watu wa nyumbani wakakubaliana kwamba anatamani kuzaa. Mwishoni anaongeza kwamba asubuhi hizi za baridi Zuri "huchechemea kidogo miguu ya nyuma, lakini akishakimbia inaisha". Swali lenyewe ni hili: ampandishe mara moja halafu amfunge kizazi, amfunge sasa, au amwache alivyo?

Mama Neema, jibu langu kama daktari wa mifugo ni kwamba usimpandishe Zuri, na kwamba umfunge kizazi, yaani atolewe ovari kwa upasuaji, kati ya mwezi Agosti na Oktoba mwaka huu. Siyo kwamba napinga watu kuzalisha mbwa. Bila wazalishaji waangalifu tusingekuwa na mbwa wa kulinda wala wa kufuga, na wapo majike ambao ningemwambia mwenyewe asiwafunge haraka. Lakini katika barua yako jambo uliloliandika mwisho, tena kwa sentensi moja tu, ndilo lililoniamulia, nalo ni hilo la kuchechemea.

Mbwa wa miezi 20 hapaswi kuwa na asubuhi ngumu. Ugumu wa viungo wakati wa kuamka, unaopungua mwili ukishapata moto, tumeuzoea kwa mbwa mzee wa miaka 10. Ukiuona kwa German Shepherd kijana, na ukiuona miguu ya nyuma, jambo la kwanza la kulifikiria ni kasoro ya nyonga. Katika nyonga iliyo sawa, kichwa cha mfupa wa paja kimeviringika kama mpira na kimekaa ndani kabisa ya kikombe chake. Katika nyonga yenye kasoro, kikombe ni kifupi au kiungo kimelegea, mpira unachezacheza kila mbwa anapopiga hatua, na kadiri miaka inavyokwenda gegedu linasagika na mfupa unaota vinundu. Siwezi kuthibitisha ugonjwa kwa kusoma barua, kwa kuwa kuchechemea kunaweza pia kutokana na mshipa wa goti, na hata na mwiba uliozama. Ila kasoro ya nyonga kwa sehemu kubwa hurithiwa, na German Shepherd ni miongoni mwa mbegu zinazosumbuliwa nayo sana, kiasi kwamba nchini Ujerumani, mbegu hii ilikotoka, chama cha wafugaji wake hakiruhusu mbwa azalishwe mpaka apigwe picha ya eksirei ya nyonga na ipitishwe na msomaji aliyebobea. Hapa kwetu watu huangalia masikio yaliyosimama na mgongo mweusi, wakampandisha.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kasoro hii haionekani kwa mtoto wa mbwa wa wiki 8. Mteja wako wa Himo au Machame atakulipa akiwa na furaha, atamlea, watoto wake watampenda, na mwaka wa pili ndipo mbwa atakaposhindwa kupanda ngazi za baraza. Wakati huo hutakuwa na la kumrudishia.

Sasa ongeza habari ya baba mmoja. Dume wa Majengo na Zuri ni ndugu wa upande wa baba, na watoto wa mbwa wawili wa namna hiyo hurithi, kwa wastani, nakala mbili zinazofanana kutoka kwa babu mmoja katika asilimia 12.5 ya vinasaba vyao. Kasoro nyingi hujificha kwa sababu mbwa ana nakala moja mbovu na moja nzima. Zikikutana mbili mbovu, ndipo zinapojitokeza. Ikiwa udhaifu wa nyonga za Zuri umetoka kwa baba, basi huenda jirani yako anao pia ndani ya dume wake, hata kama yeye anakimbia vizuri. Wafugaji wengine watakwambia kwamba mbegu zote zilijengwa kwa kupandisha ndugu, na ni kweli, lakini waliofanya hivyo kwa ustadi walijua walichokuwa wanakitafuta na waliwatoa kwenye uzazi wale waliotoka vibaya. Wewe na jirani hamna kumbukumbu za babu wala za bibi. Mna ukaribu wa mitaa tu.

Kuhusu kandambili, nakuomba uwaambie watu wa nyumbani kwamba Zuri hakuwa anatamani mtoto. Mwili wa mbwa jike una utaratibu wake ambao haufanani na wa ng'ombe wala wa binadamu: joto likishaisha, awe amepandwa au hakupandwa, ovari zake huendelea kutoa homoni ya projesteroni kwa takriban miezi miwili, karibu muda ule ule wa mimba kamili ya mbwa, ambayo ni siku 63 hivi. Homoni hiyo inaposhuka, homoni ya maziwa hupanda, na jike hufanya yote anayofanya mama: huchimba, hubeba vitu, huvilinda, hutoa maziwa. Tunaiita mimba ya uongo, na hutokea kwa majike wengi wazima wa afya. Hesabu ya tarehe zako inakubali kabisa, kwa kuwa joto liliisha mwanzoni mwa Mei na kandambili ikaanza kubebwa mwezi Juni. Usimkamue maziwa hayo wala usiyakande, kwa sababu ukifanya hivyo yanaendelea kuja. Mtoe matembezini, mwondolee kandambili, na baada ya wiki 2 au 3 yatakauka yenyewe. Kumzalisha hakuzuii jambo hili kurudi baada ya joto lijalo.

Sasa niingie kwa mama mkwe, na niingie kwa heshima, maana katika kauli yake kuna kitu cha kweli ambacho kimegeuzwa kichwa chini. Upo kweli ugonjwa wa tumbo unaowapata majike ambao hawakufungwa kizazi, nao ni usaha ndani ya mfuko wa uzazi, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa paiometra. Chanzo chake ni ile ile projesteroni niliyoitaja. Baada ya kila joto homoni hiyo huunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, huzifanya tezi zake zitoe majimaji, hufunga mlango wa uzazi na kutuliza misuli iliyotakiwa kusukuma uchafu nje. Bakteria wa kawaida wa kinyesi waliopanda wakati mlango ulikuwa wazi hujikuta kwenye chumba chenye joto, chakula na mlango uliofungwa. Joto la kwanza na la pili mwili humudu, lakini kila mzunguko huacha ukuta ukiwa mbovu kidogo kuliko ulivyokuwa, na ndiyo maana wengi ninaowapokea wana umri wa miaka 6 na kuendelea. Huko Sweden, ambako mbwa wengi wana bima na kwa muda mrefu watu hawakuwa na desturi ya kuwafunga, kumbukumbu za bima zilionyesha kwamba karibu robo ya majike walikuwa wamepata ugonjwa huu kabla ya kufikisha miaka 10.

Dalili zake nazieleza kwa sababu Zuri ametoka kwenye joto na muda wa hatari haujafungwa kabisa. Ugonjwa huja mara nyingi kati ya wiki 2 na miezi 3 baada ya joto. Mbwa hunywa maji kupita kawaida na kukojoa sana, hukataa chakula, hutapika, hupoa na kulala pembeni. Wengine hutokwa na usaha wenye harufu nyuma, na hao ndio wenye bahati, kwa kuwa mwenye mbwa anaona. Wengine mlango umefungwa, hakuna kinachotoka, na tumbo hujaa hadi mfuko unapasuka. Anayeletwa mapema tunamfanyia upasuaji na wengi hupona. Anayeletwa siku ya 5, akiwa na figo zilizokwisha kulemewa na sumu, tunafanya upasuaji ule ule kwa bei kubwa zaidi na kwa matumaini madogo zaidi. Kwa hiyo mama mkwe yuko sahihi kwamba ugonjwa upo, ila kuzaa mara moja hakuukingi. Kinachoukinga ni kuondoa ovari.

Kuhusu saratani ya matiti sitaki kukupamba kwa takwimu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1969, ambao hunukuliwa kila mahali, ulisema kwamba jike aliyefungwa kabla ya joto la kwanza hubaki na nusu asilimia tu ya hatari aliyo nayo jike asiyefungwa, baada ya joto moja asilimia 8, na baada ya joto la pili asilimia 26. Mwaka 2012 wataalamu wa Uingereza walipopitia utafiti huo na mingine ya aina yake, waliuona ushahidi kuwa dhaifu kuliko tulivyofundishwa. Naamini faida ipo, lakini kwa Zuri, aliyekwisha kupata joto mara mbili, singeiweka kuwa sababu ya kwanza. Kwa upande mwingine, kuchelewa huku kumemsaidia kitu. Uchunguzi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha California, Davis, na kuchapishwa mwaka 2016, uligundua kwamba German Shepherd waliofungwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipata matatizo ya viungo mara nyingi zaidi kuliko walioachwa wakue kwanza. Ndiyo maana kwa mbwa wa miili mikubwa sipendi haraka ya miezi 6, ingawa kwa mbwa koko mdogo anayezunguka na kundi uswahilini ningemfunga mapema bila kusita, kwa sababu kwake hatari ya mimba ni kubwa kuliko hatari ya goti.

Baba Neema ana hoja ya ulinzi, na najua ndiyo itakayokuwa ngumu mezani. Ulinzi wa jike haukai kwenye ovari. Unatokana na mbegu, na namna alivyolelewa, na kujua kwake nani ni wa nyumbani na nani si wa nyumbani. Watu wameona madume yaliyohasiwa yakipunguza kuzurura na kupigana, wakayachukua hayo kuwa ni uvivu, kisha wakayahamishia kwa majike. Mbwa anayelala usingizi mzito usiku baada ya kufungwa kizazi, mara nyingi ni mbwa aliyenenepa, na aliyemnenepesha ni mwenye sufuria. Kinyume chake, jike ambaye hakufungwa ana wiki 3 hivi, karibu mara 2 kwa mwaka, ambazo akili yake haipo getini: anatafuta tundu la kutokea, na madume ya mtaa mzima yanatafuta tundu la kuingilia. Ulisema mwenyewe ulimfungia stoo. Kwa wiki hizo 3 nani alilinda?

Tahadhari moja ningeitoa hapo. Jike mwenye woga mwingi, anayeng'ata kwa hofu na si kwa ulinzi, hapaswi kufungwa kwa matumaini kwamba atatulia, kwani wapo wanaozidi kidogo kuwa na wasiwasi. Hukuniandikia kwamba Zuri yuko hivyo, kwa hiyo sirefushi.

Tuje kwenye zile 250,000, maana sitajifanya kwamba hazimo kwenye swali. Zuri amekuwa akipata joto kila baada ya miezi 7 hivi, kwa hiyo joto lijalo ni karibu na Novemba. Akipandwa katikati ya Novemba, atazaa katikati ya Januari, mwezi ambao kila nyumba ya Moshi inalipa ada za shule baada ya kutumia akiba yote wakati wa Krismasi. Watoto watakuwa tayari kuondoka wakiwa na wiki 8, yaani katikati ya Machi, mvua za masika zikiwa zinaanza. Wale ndugu zetu wanaopanda na mabasi kutoka Dar es Salaam kila Desemba na kutafuta mbwa wa kuachia kihamba watakuwa wamesharudi miezi miwili iliyopita. German Shepherd huzaa watoto 6 hadi 8 mara nyingi, na wengine huzidi. Chukua 8. Jirani anaondoka na 2, wamebaki 6, na ukiuza wote utapata shilingi 1,500,000, fedha ambayo mtu huikumbuka akasahau matumizi.

Dawa ya minyoo hutolewa wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8, kwa sababu minyoo huwapata watoto wangali tumboni na kupitia maziwa. Hizo ni dozi 32 kabla hujauza hata mmoja. Chanjo ya kwanza ya parvo (virusi vya kuhara damu) na homa ya mbwa hutolewa kati ya wiki ya 6 na ya 8, dozi nyingine 8. Mama anyonyeshaye, wiki ya 3 na ya 4, hula mara 2 hadi 3 ya kawaida yake, na si ugali wa pumba wenye harufu ya dagaa, bali chakula chenye nyama, mayai na dagaa wenyewe. Akikosa, kalsiamu yake ya damu inaweza kushuka ghafla akaanza kutetemeka, kukakamaa na kufa siku hiyo hiyo asipowahishwa sindano. Ukitokea uzazi wa kukwama, yaani amesukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, au saa 2 zimepita tangu mtoto wa mwisho na bado wamo wengine, utamhitaji daktari usiku ule ule, na upasuaji mmoja wa kuzalisha unaweza kumeza watoto wako wawili au watatu wa kuuza. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa mtoto akifikisha miezi 3, maana yake ni kwamba ataondoka kwako bila hiyo, na wewe utalala ukiomba mnunuzi akumbuke.

Niliyafanya haya mwenyewe. Nilipokuwa mpya kazini, nikiishi Tengeru, nilimpandisha jike wangu kwa sababu alikuwa mzuri wa sura na kwa sababu mshahara ulikuwa mdogo. Walizaliwa 9. Mmoja mama alimlalia usiku wa pili, mwingine hakunyonya. Wiki ya 7 nilikuwa nakaribisha wateja, kila anayekuja anaingia bandani na viatu vyake, kwa kuwa nilikuwa naona fahari; parvo iliingia na viatu vya mmoja wao na kunichukulia watoto 3 ndani ya siku 4, mimi nikiwa daktari, dripu mkononi. Virusi hivyo hukaa ardhini miezi mingi, kwa hiyo sikuweza kuleta mbwa mwingine mchanga katika ua ule karibu mwaka mzima. Waliobaki 4 niliwauza. Mmoja nilimwona miaka miwili baadaye Usa River, amefungwa mnyororo mfupi kuliko urefu wake, shingo ina kidonda cha mviringo. Aliyekuwa naye aliniambia kwa adabu kabisa kwamba alimnunua kutoka kwa mtu aliyemnunua kutoka kwangu. Tangu hapo, mtu akiniuliza kama apandishe, humtaka aniandikie kwenye karatasi majina ya watu 8 ambao wamekwisha kusema watachukua, wana uzio, na wangemrudisha mbwa kwake wakishindwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwajibisha anayemiliki mnyama, lakini sheria haimfuati mtoto wa mbwa mpaka kwenye banda la mtu wa tatu. Wengi karatasi hiyo huishia jina la 3.

Kama Zuri angekuwa na miaka 2 iliyotimia, nyonga zilizopigwa picha na kuonekana nzuri, tabia tulivu mbele ya watoto na wageni, dume asiye ndugu yake aliyepimwa pia, na karatasi yako ikajaa, ningekusaidia kupanga siku ya kupandisha. Ningekutaka tu umjue dume na mienendo yake ya usiku. Dume anayefunguliwa saa 3 usiku akarudi alfajiri anaweza kubeba uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, saratani ya ajabu ambayo seli zake zenyewe huhama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine na kuota kama mche. Tunauona sana kwa mbwa wanaozurura. Hutibika kwa sindano za vinkristini za kila wiki, kwa kawaida 4 hadi 6, lakini huwezi kujua kwa kumtazama dume akiwa amesimama.

Njia yako ya tatu, ya kumwacha alivyo, inawezekana kwa nyumba yenye ukuta mzima na mtu anayekumbuka tarehe. Gharama yake ni kufungia stoo kila miezi 7 kwa miaka yote aliyobakiwa nayo, na kukaa macho juu ya ule usaha. Usikubali tu mtu akupunguzie kazi hiyo kwa sindano ya homoni ya kuzuia joto, ambayo wengine huichukua kwenye duka la dawa za binadamu. Homoni hiyo ni ya jamii ya projesteroni, na umekwisha kusoma projesteroni inaufanyia nini mfuko wa uzazi.

Neno "kufunga kizazi" lenyewe limewapotosha wengi, kwa sababu kwa binadamu maana yake ni kufunga mirija. Kwa mbwa hatufungi mirija. Tunatoa ovari zote mbili, na mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Mtu akifunga mirija tu, jike ataendelea kupata joto, kuita madume na kupata paiometra. Muulize daktari wako kwa maneno hayo hayo: unatoa nini? Muulize pia kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari, nani atasimamia nusukaputi wakati yeye anapasua, kama vifaa huchemshwa upya kwa kila mbwa, na kama mbwa atapewa dawa ya maumivu ya siku kadhaa za nyumbani. Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa, na anayekasirika amekujibu.

Nimesema Agosti hadi Oktoba kwa sababu wakati wa joto na wiki chache baada yake mishipa ya damu ya uzazi hujaa na hutoka damu kirahisi, na kwa sababu ukimfunga akiwa bado na maziwa ya mimba ya uongo, maziwa hayo yanaweza kung'ang'ania. Subiri chuchu zikauke kabisa. Kabla ya siku yenyewe mwombe daktari amchukue damu, hasa kuhesabu chembe za kugandisha. Ukanda wetu huu, kuanzia Moshi mpaka Monduli, una kupe wengi, na kupe wa mbwa huambukiza ehrlikia, ugonjwa unaoweza kukaa kimya mwilini miezi mingi huku ukizimaliza chembe hizo. Mbwa anaonekana mzima, anakimbia, kisha kwenye meza ya upasuaji damu haigandi. Nimeahirisha upasuaji mara nyingi kwa sababu ya kipimo hicho, na mbwa akarudi baada ya mwezi wa dawa akiwa salama.

Jioni ya kabla asile baada ya saa 2 usiku, maji abaki nayo mpaka alfajiri. Akirudi nyumbani, siku 10 hadi 14 hakuna kukimbia, kuruka wala kuoga, na asilambe nyuzi. Asipokubali kola ya shingoni, fulana kuukuu ya mtoto iliyofungwa mgongoni husaidia. Kidonda kikivimba ghafla, kikitoa harufu, au fizi zikiwa nyeupe, mrudishe siku hiyo hiyo bila kusubiri miadi. Baada ya hapo mwili wake utahitaji chakula pungufu kwa karibu robo, na hilo kwa Zuri ni muhimu kuliko kwa mbwa mwingine yeyote, kwa kuwa kila kilo ya ziada inakaa juu ya nyonga zile zile.

Na kwa kuwa atakuwa amelala usingizi wa dawa, panga upasuaji mahali penye mashine ya eksirei, hata ikibidi umlete Arusha, ili apigwe picha ya nyonga kabla hajaamka. Picha hiyo haipatikani sawasawa kwa mbwa aliye macho, maana hulazwa chali miguu ikiwa imenyooshwa na misuli imelegea. Leta nakala nyumbani, na mwonyeshe jirani wa Majengo pia, kwa sababu dume wake ana baba yule yule.